SOMO LA BUSTANI: MZABIBU WA UANI HUTII MKASI NA MVUA

Mvua za masika zinapoanza kunyesha mwezi Machi, Korogwe hubadilika sura kwa muda mfupi. Miteremko ya Usambara hurudia ukijani wake, Mto Pangani huongezeka maji, na nyuma ya nyumba nyingi mjini na vijijini majembe hutolewa stoo. Huu ndio wakati ambao kaya yenye eneo dogo la uani inaweza kujipatia mboga, kivuli na matunda. Somo la toleo hili linahusu bustani ya nyumbani kwa jumla, na hasa mmea ambao wakazi kadhaa hutamani kuupanda lakini wengi wao hukatishwa tamaa nao: mzabibu.

Mboga kwanza

Wakati wa masika, mboga zipandwe kwenye matuta yaliyoinuliwa ili maji yasituame na kuozesha mizizi. Kiangazi kinapofika, utaratibu hugeuzwa: matuta yaliyodidimia huhifadhi unyevu vizuri zaidi. Mchicha huanza kuvunwa baada ya wiki tatu hadi nne, hivyo kaya inayopanda tuta moja kila baada ya wiki mbili haikosi mboga. Matembele, bamia, mnafu na nyanya chungu hukamilisha bustani. Asiye na ardhi anaweza kutumia viroba vilivyojazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi isitumike, kwa kuwa huunguza mizizi.

Kwa nini mzabibu hushindwa

Watu wengi huamini kwamba zabibu hustawi Dodoma peke yake. Imani hiyo ina msingi, lakini haijakamilika. Katika nchi za baridi, mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa majira ya baridi, kisha huamka joto linaporudi na kutoa machipukizi yenye maua. Tanzania haina baridi ya namna hiyo. Mmea ukiachwa, huendelea kurefuka na kutoa majani mengi, huku matunda yakiwa machache. Kazi ya baridi hufanywa na mkasi: mkulima akipogoa, mmea huamka upya na kuchanua. Ndiyo maana wakulima wa Dodoma huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Tofauti ya Dodoma na Korogwe ni mvua. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, na baada yake hufuata ukame mrefu. Korogwe ina masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Unyevu huo hukaribisha magonjwa ya ukungu. Dalili zake ni madoa ya njano juu ya jani yenye utando mweupe chini yake, au vumbi jeupe mithili ya unga juu ya majani na vichala. Kwa hiyo anayefuata kalenda ya Dodoma akiwa Korogwe anaweza kushuhudia vichala vyake vikioza kabla ya kuiva.

Kalenda inayofaa

Tangu kupogoa hadi kuvuna hupita takribani miezi minne. Mkazi wa Korogwe anayepogoa katikati ya Mei, masika yanapoelekea ukingoni, hutarajia mavuno katikati ya Septemba, kabla ya vuli. Maua na matunda hukua katika miezi iliyo mikavu zaidi. Kupogoa mara ya pili mwezi Septemba au Oktoba kunawezekana, ila maua hukutana na vuli. Anayeanza aridhike na mavuno mamoja yenye uhakika.

Hatua za kufuata

1. Chagua mahali penye jua kwa sehemu kubwa ya siku, pasipotuamisha maji.
2. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina sentimita 60, kabla ya mvua. Rudishia udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza.
3. Panda mche kutoka kwenye chanzo kinachoaminika. Kituo cha utafiti cha TARI Makutupora, Dodoma, ndicho kinachoshughulikia zao hili.
4. Jenga chanja imara chenye kimo cha mtu. Acha shina moja lipande, kisha lisambae juu.
5. Wakati wa kupogoa, bakiza macho mawili au matatu katika kila tawi lililokomaa. Kusanya na kuteketeza majani yenye ugonjwa.
6. Mwagilia asubuhi kwenye shina, si juu ya majani. Punguza maji matunda yanapoanza kuiva.
7. Funika vichala kwa wavu ili kuvikinga na ndege.

Maji ya kumwagilia yakihifadhiwa katika mapipa, mapipa hayo yafunikwe wakati wote. Pipa lililo wazi ni mazalia ya mbu, na bustani haipaswi kuletea kaya malaria au homa ya dengue. Aidha, kabla ya kununua kiuatilifu chochote, mwananchi amwone Afisa Ugani wa kata yake akiwa na jani lililougua mkononi, ili apate ushauri unaolingana na tatizo.

Mzabibu huanza kuzaa katika mwaka wa pili hivi tangu kupandwa, hivyo unahitaji subira. Hata kabla ya matunda, chanja chake hutoa kivuli ambamo familia inaweza kuketi alasiri, watoto wakasomea na wazee wakapumzika, huku mchicha ukikua hatua chache kutoka hapo. Mchumia juani hulia kivulini. Na kwa mwenye mzabibu uani, jua na kivuli hivyo vyote viko nyumbani kwake.