Kiima, Yambwa na Huruma: Uhakiki wa Maombi ya Misaada ya Mashirika ya Uokozi

Makala hii inakusudia kuchunguza lugha ambayo mashirika makubwa ya uokozi huitumia yanapoomba michango, pamoja na suala la uadilifu linaloibuliwa na lugha hiyo. Wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Ombi la msaada hatulihakiki, ilhali lina msimulizi, wahusika, taharuki na hadhira. Na hadhira yake, tukisema kweli, ni pana kuliko ya diwani nyingi zilizomo maktabani mwetu.

Tuanze na sarufi. Chukua sentensi ya kubuni kama hii: "Shilingi zako mia moja zitamlisha mtoto huyu." Kiima ni shilingi. Mtoto ni yambwa. Kwingineko mtoto huyo hujitokeza katika kauli ya kutendwa: analishwa, anatibiwa, anaokolewa. Ni nadra kumkuta yeye au jamaa zake wakitenda jambo. Mama aliyembeba mgongoni siku tatu, jirani aliyewagawia unga wake wa mwisho, muuguzi wa zahanati ya kijiji: wote hawa hufutwa, kwa maana wakiwepo, mchangiaji hatakuwa tena jagina pekee wa hadithi. Kwa istilahi zetu, mwathiriwa amefanywa mhusika bapa.

Kiashiria "huyu" nacho kinastahili kutazamwa. Mara nyingi fedha huingia katika mfuko wa pamoja, zikalipia malori, mafuta, mishahara na dawa. Hakuna dhambi katika hilo, kwani chakula hakijibebi. Hata hivyo, msomaji wa riwaya anajua kwamba anasoma riwaya. Mchangiaji hajaambiwa kwamba "huyu" ni tamathali.

Mfano ulio karibu nasi ni njaa ya Ethiopia. Mnamo Oktoba 1984, Mohamed Amin, mpigapicha mzaliwa wa Nairobi, alinasa picha za Korem zilizotangazwa na BBC kwa sauti ya Michael Buerk. Dunia ilishtuka. Wanamuziki wa Uingereza wakatoa wimbo wa Band Aid mwaka huohuo, na tarehe 13 Julai 1985 tamasha za Live Aid zikafanyika London na Philadelphia. Haifai kubeza juhudi hizo. Picha za Amin ziliokoa maisha. Lakini simulizi iliyouzwa ilikuwa ya mvua iliyokataa kunyesha. Vita baina ya serikali ya Mengistu na waasi wa Tigray na Eritrea vilisukumwa pembeni, kwa kuwa ukame hauna mshtakiwa na hivyo huchangiwa kwa urahisi. Serikali hiyo ilikuwa ikiwahamisha watu wa kaskazini kwa nguvu kuelekea kusini magharibi. Tawi la Ufaransa la shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipolaani uhamisho huo hadharani, lilifukuzwa nchini mnamo Desemba 1985. Kunyamaza, basi, kulikuwa pia mbinu ya kuchangisha, na walioilipia ni walewale waliokuwa pichani.

Udanganyifu wa aina nyingine huhusu ahadi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikusanya zaidi ya dola milioni 500 katika mfuko maalumu, kisha ukabainika kuwa ulinuia kutenga sehemu kubwa kwa mahitaji mengine ya baadaye. Wachangiaji walighadhabika. Bernadine Healy, aliyekuwa rais wa shirika, alitangaza kujiuzulu Oktoba, na mwezi uliofuata shirika likaahidi kwamba fedha zote zingewaendea walioathiriwa. Linganisha na tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Siku chache baadaye Madaktari Wasio na Mipaka walitangaza kwamba michango ya maafa hayo imetosha, kisha wakawaomba wachangiaji ruhusa ya kupeleka ziada kwingine. Wengi mno waliridhia. Kwa maoni yangu, mfano huu unabomoa hoja kwamba ukweli hufunga mikoba ya watu.

Wala mashirika hayawezi kudai kuwa hayakujua. Kanuni za maadili zilizoandaliwa na Msalaba Mwekundu na wenzake mwaka 1994 zinataka, katika kipengele cha kumi, waathiriwa waonyeshwe kama binadamu wenye hadhi.

Hapa Kenya, kampeni ya Kenyans for Kenya ya Julai 2011 ililenga shilingi milioni 500, na lengo hilo likapitwa, wananchi wengi wakichanga kwa M-Pesa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kimtindo, jina hilo lina jambo la kuvutia: Mkenya yuko pande zote mbili, mtoaji na mpokeaji. Picha kutoka Turkana, hata hivyo, zilifuata mkondo wa Korem: mbavu, macho, ukimya.

Ukimya huo ndio unaotuhusu sisi wanafunzi wa lugha zaidi ya wengine. Mzee wa Turkana hulalamika kwa Kiturkana, halafu mkalimani humpa mwandishi kwa Kiswahili, naye mwandishi humpa mhariri kwa Kiingereza. Maneno yake kuhusu wizi wa mifugo, barabara isiyopitika na kisima kilichoharibika yanaweza kufika mwisho wa safari hiyo yakiwa neno moja tu: njaa.