Ndoa ya Kikristo ikivunjika: lipi la kanisa, lipi la mahakama

Mchungaji akiandika barua kwamba ndoa ya fulani na fulani imekwisha, barua hiyo haivunji ndoa. Na mahakama ya mwanzo ikitoa talaka, paroko bado anaweza kukataa kumfungisha ndoa nyingine mwenye talaka hiyo, wala hakuna hakimu wa kumlazimisha. Hapo ndipo Wakristo wengi wa Tanzania Bara wanapokwama: swali la kanisa wanalipeleka mahakamani, la mahakama wanalipeleka kanisani, kisha wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Wengi huanzia kwenye Maandiko, nasi tuanzie huko. Sheria ya Musa katika Kumbukumbu la Torati 24 haikuanzisha talaka. Iliikuta ipo, ikambana mwanamume. Akimwacha mkewe, ampe hati mkononi. Mwanamke akishaolewa na mwingine, mume wa kwanza hawezi kumrudia, hata huyo wa pili akimwacha au akifa. Hati ile ilikuwa kinga ya mwanamke. Bila hiyo angebaki si mke wa mtu wala si mtu huru, na yeyote ambaye angemwoa angehesabiwa mzinzi. Kutoka 21 inakwenda mbali zaidi: hata msichana aliyeuzwa na baba yake kuwa mjakazi kisha akaolewa, akinyimwa chakula, mavazi na haki ya unyumba, aende zake bila kulipa chochote. Sura hiyo haisomwi sana kwenye semina za ndoa. Ingefaa isomwe.

Baadaye walimu wa Kiyahudi walibishana kuhusu kosa gani linatosha. Wafuasi wa Shammai walisema ni aibu ya zinaa tu. Wafuasi wa Hillel walikubali hata kwa mke aliyeunguza chakula. Kwa hiyo Mafarisayo walipomuuliza Yesu kama mtu anaruhusiwa kumwacha mkewe kwa sababu yoyote ile, walitaka aingie upande mmoja wa ubishi huo. Yeye akawapeleka nyuma ya Musa, hadi kwenye uumbaji, akasema ruhusa ya Musa ilitokana na ugumu wa mioyo yao. Tukikumbuka ni nani aliyekuwa akitupwa nje kwa sababu ya chungu kilichoungua, ukali wa jibu lile unaeleweka vizuri zaidi.

Ugumu ni kwamba Marko 10 na Luka 16 zinatoa katazo la kumwacha mke na kuoa mwingine bila kuacha mwanya, lakini Mathayo, katika sura ya 5 na ya 19, inataja uasherati kuwa kando ya katazo hilo. Naye Paulo, katika 1 Wakorintho 7, anamwambia mke aliyetengana na mumewe akae bila kuolewa au wapatane; ila mwenzi asiyeamini akiamua kuondoka, aliyeachwa hafungwi.

Mistari hiyo michache ndiyo iliyoyatenganisha makanisa. Kanisa Katoliki linafundisha kuwa ndoa halali ya wabatizwa wawili, ikishakamilishwa kwa tendo la ndoa, haivunjwi na mamlaka yoyote ya duniani, ila kifo tu. Waorthodoksi wanaweza kuruhusu ndoa ya pili, hata ya tatu, kwa huruma na kwa ibada yenye sauti ya toba. Kwa Waprotestanti, Luther na Calvin waliusoma mwanya wa Mathayo na ule wa Paulo kuwa ruhusa halisi, na Geneva ya Calvin ilikubali talaka kwa uzinzi na kwa kutelekezwa. Makanisa ya Kiprotestanti ya leo yanatofautiana, kwa hiyo usimwulize jirani. Muulize mchungaji wako akuonyeshe utaratibu wa kanisa lenu ulivyoandikwa.

Sasa upande wa serikali. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kanisani kuwa ndoa kamili, na inayoweza kuivunja ni mahakama peke yake. Kabla ya kufika huko, mgogoro lazima upite kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Mabaraza haya yako katika kata, na sheria inampa waziri nafasi ya kuidhinisha pia chombo cha jumuiya fulani kifanye kazi hiyo. Kuketi na wazee wa kanisa au wasimamizi wa ndoa ni jambo jema, lakini kama kikao chao hakijaidhinishwa, mahakama haitakihesabu. Baraza likishindwa kuwapatanisha, linatoa hati ya kuthibitisha hivyo. Fungua shauri ndani ya miezi 6 tangu hati itolewe, la sivyo haitakufaa. Kuna nafuu kwa baadhi ya watu, mfano aliyetelekezwa na asiyejua mwenzake yuko wapi, au ambaye mwenzake aliitwa barazani akagoma kwa makusudi kwenda. Na ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 haifunguliwi shauri la talaka bila ruhusa maalumu ya mahakama.

Mahakama haiulizi nani ametenda dhambi. Inauliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na ushahidi unaweza kuwa uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi, na mengine. Kuhusu mali, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, japo rufaa yake mwenyewe haikufanikiwa. Mume anayesema mkewe hana chake kwa sababu hakuwa na mshahara amechelewa miaka mingi.

Anayepigwa asisubiri lolote kati ya hayo. Aende polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, apewe fomu ya polisi ya PF3, akatibiwe na nakala aitunze. Sheria ya Kanisa Katoliki yenyewe, katika kanuni ya 1153, inamruhusu mwenzi aliye hatarini kuondoka kwa uamuzi wake pale ambapo kuchelewa ni hatari. Na sheria ya nchi inaruhusu kuomba amri ya kutengana bila talaka, jambo linalomfaa mtu ambaye dhamiri yake haikubali talaka lakini hawezi kuendelea kulala nyumba moja na anayemuumiza.

Limebaki lile ambalo watu hulielewa vibaya kuliko yote, ubatili wa ndoa kwa Wakatoliki. Hiyo si talaka iliyopewa jina la heshima. Mahakama ya kanisa ya jimbo inachunguza kama siku ya harusi kulikuwa na ndoa kweli: kama mmoja alilazimishwa, alidanganywa katika jambo zito, hakuwa na uwezo wa kutoa ridhaa, au moyoni alikuwa amekataa kabisa watoto au uaminifu. Ugumba si sababu, hata ukoo useme nini, na watoto waliozaliwa hawageuki kuwa wa nje ya ndoa. Tangu Desemba 2015, kwa mabadiliko ya Papa Fransisko, hukumu ya kwanza ikikubali ubatili na asikate mtu rufaa inatosha. Zamani ilihitajika ya pili kuithibitisha. Papa aliagiza pia huduma hii itolewe bure kadiri inavyowezekana, kwa hiyo ukitajiwa gharama uliza ni za nini.

Kwa kuwa hukumu ya kanisa haigawi nyumba wala haiamui matunzo ya watoto, kwa kawaida talaka ya serikali hutangulia. Ukienda kwa paroko beba cheti cha ubatizo, cheti cha ndoa, nakala ya hukumu ya talaka, na majina ya mashahidi. Watu huwaandika majirani walioshuhudia ugomvi wa miaka ya mwisho, na hao wana mchango mdogo. Mtafute shangazi, rafiki wa shule, au aliyekuwa nawe wakati wa uchumba, mtu anayeweza kueleza ulikuwa katika hali gani wiki ile ya harusi.