SOMO KATIKA ADABU ZA KUUZIANA BUNDUKI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Watu wa pwani wamezijua bunduki tangu zamani. Magobori yalikuwa yakishushwa Unguja kwa maelfu na kupelekwa bara pamoja na vitambaa na shanga, hata Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipokuja kuibana biashara hiyo. Leo aishikaye bunduki kwa haki ni mwenye shamba afukuzaye nguruwe-mwitu na nyani, au mlinzi, au mtu aliyepewa kibali na serikali kwa khofu ya nafsi yake. Na watu hawa huuziana. Mzee macho yake yakimwishia, au mtu akihama mji, huitafutia bunduki yake mnunuzi; wakakutana barazani, ikatolewa, ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akailenga ukutani apate kuonja uzito wake. Katika saa hiyo ndogo ndipo mtu huuawa na bunduki ambayo kila aliyekuwapo alidhani ni tupu.

Asili ya hukumu ya jambo hili imo katika hadithi. Imepokewa na Jabir bin Abdillah, katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi, ya kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza watu kupeana upanga uliokwisha kufutwa. Na Abu Bakra amepokea kwamba alipita kwa watu waliokuwa wakipeana upanga uchi, akawakemea, akawaamrisha kuwa atakaye kumpa nduguye autie kwanza alani. Na yafaa kuangalia kwamba watu wale hawakuwa wakigombana. Walikuwa wakiutazama upanga tu, kama mnunuzi atazamavyo bidhaa. Walikatazwa kwa sababu mkono huteleza.

Basi ala ya bunduki ni nini? Wengi hudhani ni mfuko wake wa ngozi au wa turubai. Sivyo. Upanga ukali wake u nje, na ala huufunika. Bunduki ukali wake umo tumboni, na mfuko hauuondoi, bali huenda ukaizidisha khatari, kwani mtu huichomoa akishika asipopaona. Kutia bunduki alani ni kuifungua na kuitoa risasi zote, ikabaki wazi, hata anayepewa aone kwa jicho lake kuwa tundu ni tupu.

Na kila namna ina mlango wake. Bunduki ya marisau ya kukunja huvunjwa pale katikati, na midomo yote ya nyuma ikaonekana. Bastola ya gurudumu hufunguliwa gurudumu lake, na matundu yakahesabiwa moja moja. Ama bastola ya magazini, hii ndiyo iliyowahadaa watu wengi, kwa sababu ina mahali pawili pa kukaa risasi: katika magazini, na katika chemba nyuma ya kasiba. Hapana budi magazini itolewe kwanza, kisha kifuniko cha juu kivutwe nyuma hata iliyomo chembani iruke, kisha kiachwe nyuma, patazamwe na papapaswe kwa kidole. Mwenye kugeuza utaratibu huu, akavuta kwanza, akaiona risasi moja ikiruka, akaachia, kisha ndipo akatoa magazini, huwa ametoa risasi moja na kuingiza nyingine. Moyo wake umetulia, na bastola imejaa.

Gobori nalo lisidharauliwe kwa uzee wake. Baruti nyeusi ikikaa pakavu hudumu miaka mingi, na pengine aliyeishindilia amekwisha kufa, na mrithi hana khabari. Kwanza huondolewa fataki, ikiwapo. Kisha mtu husimama kando, asiuelekeze mdomo wa kasiba kwake wala kwa mwingine, akatia mdeki wa mti mpaka ukome, akautia alama pale mdomoni; halafu huutoa akaupima kwa nje. Ukiwa haufiki mwisho wa kasiba, mna kitu ndani. Gobori la namna hiyo haliuzwi siku ile. Hupelekwa kwa fundi wa silaha akalitoe shindilio lake.

Aliyepokea naye huangalia tena, hata kama alikuwa akitazama wakati mwenziwe akifungua. Wako wanaoona haya katika hili, wakisema kuangalia tena ni kumdhania ndugu uwongo. Hii si haya ya kusifiwa. Mtu huhesabu fedha alizohesabiwa mbele ya macho yake, wala hapana achukiaye.

Na hata ikishakuwa tupu, mdomo wake hauelekezwi kwa mtu. Abu Huraira amepokea, katika Bukhari na Muslim, katazo la mtu kumuashiria nduguye kwa silaha, kwa kuwa hajui, pengine shetani atauvuta mkono wake akaangukia motoni. Na katika Muslim imo laana ya Malaika kwa afanyaye hivyo, ijapokuwa ni ndugu yake wa baba na mama. Katazo halikumvua mwenye mzaha, wala asemaye kuwa bunduki yake ni tupu. Mwenye kutaka kujaribu kulenga na atoke nje, aelekeze kwenye ardhi ya mchanga. Si sakafuni, kwani risasi hudunda, wala si ukutani, kwani hajui nani amekaa nyuma ya ukuta. Kidole kikae nje ya kifyatuo. Watoto waondoshwe kabla bunduki haijatolewa, na risasi zisiletwe mahali pa mapatano kabisa. Zibaki katika kasha lao, mbali.

Tuseme sasa kwamba haya yalipuuzwa, bunduki ikalia, akafa mtoto wa muuzaji aliyekuwa akipita uani. Mnunuzi aliyeishika atasema alidhani ni tupu. Neno hili humwondoa katika hukumu ya kuua kusudi, lakini haliondoi damu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi yamthubutukia mauaji ya makosa: diya huwa juu ya jamaa zake wa kiumeni, huilipa kwa miaka mitatu, nao hawakuwapo barazani, na kafara ni juu yake mwenyewe, kumwacha huru mtumwa aliyeamini, na asipopata, kama ilivyo leo, afunge miezi miwili mfululizo. Na lau muuzaji mwenyewe ndiye aliyeifyatua, akamwua mwanawe, kafara haimwondokei kwa kuwa ni mwanawe.

Ama katika bei, muuzaji yampasa kutaja aibu ya bunduki yake. Kificho hapa si kama kificho cha nguo iliyotoboka. Kifyatuo kilicholika, hata bunduki ikalia kwa kugongwa kitako, kizuizi kisichozuia, kasiba iliyoliwa na kutu: haya huua. Mnunuzi naye atazame ndani ya kasiba dhidi ya mwanga, kwani nyigu hujenga humo, na pengine mna kitu kilichokwama. Ziko khabari za risasi ya namba 20 iliyotiwa katika bunduki ya namba 12: huteleza ikakwama katikati, mtu asiione, akatia ya namba 12 nyuma yake, na kasiba ikapasuka mkononi. Kwa hiyo namba ya risasi isomwe juu ya chuma chenyewe, isitegemewe kauli. Na ikimwanguka mnunuzi wakati wa kuitazama ili anunue, ikavunjika, dhamana ni yake.

Yabaki swali la nani auziwe. Wanazuoni wetu wamesema kumwuzia silaha mtu anayedhaniwa ataasi kwayo ni makruhu, na mwenye kujua hayo kwa yakini ni haramu kwake kuuza, ingawa bei yenyewe husihi. Imran bin Husain alichukia kuuzwa silaha wakati wa fitina. Mnunuzi asiyetaka kuonyesha kibali, ahimizaye wakutane usiku penye faragha, alipaye zaidi ya thamani ili asiulizwe, amekwisha kujieleza. Katika Kenya, kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na katika Tanzania, kwa sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, hapana amilikiye bunduki bila ya kibali cha serikali, na mapatano ya watu wawili hayakihamishi kibali. Mahali pema pa kukutania ni duka la mwenye leseni ya kuuza silaha, au mbele ya ofisa wa polisi anayehusika. Wakikutana hapo wote wawili wana khiyari ya kuvunja bei maadamu hawajaachana. Na mmoja akiona mwenziwe amegeuza mdomo wa bunduki kwake mara mbili, ana sababu ya kutosha ya kuitumia khiyari hiyo.

Wallahu aalam.