Sahihi Kwenye Fomu Pekee Si Ridhaa: Haki za Mgonjwa Mbele ya Muuguzi

Mama amelazwa katika wodi ya kujifungulia. Uchungu ulianza jana, mtoto hashuki, na daktari ameona afanyiwe upasuaji. Muuguzi anakuja na fomu na kalamu. Mama mkwe anasema fomu isiguswe mpaka mume arudi safari. Mjamzito mwenyewe yuko macho na anasikia kila neno, lakini hakuna aliyemuuliza lolote.

Huu ni mfano tu, ila wauguzi wengi watautambua. Jibu la sheria ni fupi: mtu mzima mwenye akili timamu hujiamulia mwenyewe. Sahihi ya mume si sharti, wala ya mama mkwe. Familia inaweza kushauri, na mara nyingi ushauri wake ni wa maana, lakini anayepaswa kuulizwa ni yule aliye kitandani.

Kuulizwa nako kuna masharti yake. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, matibabu yanayowezekana, faida zake, hatari zake na gharama yake. Maelezo hayo yatolewe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa mgonjwa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Fomu iliyoandikwa kwa Kiingereza ikisainiwa kwa dole gumba na mtu ambaye hajaelezwa kitu, hiyo ni karatasi tu.

Kuueleza upasuaji ni kazi ya daktari. Kazi ya muuguzi ni kuhakikisha maelezo yameeleweka, na njia rahisi ni kumwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake: "Mama, hebu niambie, daktari amesema atafanya nini?" Akishindwa kujibu, daktari aitwe tena. Hilo huchukua dakika chache hata katika wodi iliyojaa.

Mgonjwa pia ana haki ya kukataa. Akikataa, muuguzi hamgombezi wala hamtishi. Anamweleza madhara yanayoweza kufuata na kuandika kwenye faili. Wanaofundisha uuguzi hutaja kanuni nne: kuheshimu uamuzi wa mgonjwa, kumtendea mema, kutomdhuru na kutenda haki kwa wote. Muuguzi anayeona mgonjwa akikataa dawa itakayomponya huhisi kanuni mbili za kwanza zikivutana, na hakuna fomu inayomwondolea mzigo huo.

Dharura ni jambo jingine. Aliyeletwa akiwa amezimia baada ya ajali hasubiriwi azinduke ili atie sahihi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na hospitali inayomnyima inaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Kumwambia majeruhi alipe kwanza ni kuvunja sheria, iwe hospitali ni ya umma au ya kibinafsi.

Halafu kuna siri. Shemeji anamsimamisha muuguzi mlangoni: "Sista, kwani ana nini hasa?" Swali hili huulizwa kwa upendo, na kulijibu bila idhini ya mgonjwa ni kosa hata hivyo. Jibu linalofaa ni kumwelekeza shemeji kwa mgonjwa mwenyewe. Majibu ya kipimo cha Virusi vya Ukimwi yanalindwa zaidi, kwa sheria yake ya mwaka 2006. Kutaja ugonjwa wa mtu kwa sauti kwenye foleni ya dawa ni kuvunja siri pia, ingawa wengi hulichukulia kama jambo dogo.

Sheria hiyo ya Afya inampa mgonjwa wajibu vilevile: kufuata taratibu za kituo na kumheshimu anayemhudumia. Muuguzi anayetukanwa zamu nzima naye ana haki ya kufanya kazi mahali salama.

Aliyetendewa vibaya anaweza kulalamika, na lalamiko lake ni lazima lichunguzwe. Kila kituo cha afya kinatakiwa kubandika utaratibu wa malalamiko mahali ambapo kila anayeingia atauona. Mkazi asipouona ukutani aulize kwa msimamizi wa kituo, aandike tarehe, saa na wodi, na ahakikishe amepewa uthibitisho kwamba lalamiko lake limepokelewa. Lalamiko kuhusu mwenendo wa muuguzi linaweza pia kupelekwa kwa Baraza la Wauguzi la Kenya, ambalo ndilo husajili wauguzi na kuwapa leseni.