Mpeleke Kabla Jino Halijauma

Wewe mdogo wangu mwenye mtoto mdogo, usisubiri jino lioze ndipo umpeleke kwa daktari wa meno. Mpeleke akiwa mzima. Akalie kile kiti, asikie mlio wa mashine, daktari amhesabie meno, mrudi nyumbani. Baada ya miezi kadhaa, mpeleke tena.

Najua utaniuliza: dada, nauli yote hiyo na foleni, na mtoto haumwi? Nisikilize. Mwaka 1959 watafiti wa Marekani, Lubow na Moore, waliwazoesha kondoo na mbuzi kuona kitu fulani mara nyingi bila lolote kutokea. Baadaye kitu kile kikawa kinafuatwa na shoti ndogo ya umeme mguuni. Wanyama walichelewa kukihusisha na shoti ile. Kitu kigeni walikihusisha nayo upesi zaidi. Ubongo ukishazoea kwamba jambo fulani halina neno, hauna haraka ya kuliogopa.

Na sisi watu je? Mwaka 1989 mwanasaikolojia wa Uingereza, Graham Davey, aliwauliza watu habari za meno yao. Walioumizwa kwa daktari lakini wasishikwe na hofu, mara nyingi walikuwa wameshatibiwa bila maumivu kabla ya siku ile mbaya. Kwa hiyo hizo safari unazoziona za bure ndizo zenye kazi kubwa, na kazi hiyo haiwezi kufanywa baada ya mtoto kuumia. Ukiweza, usibadilishe kliniki, maana mazoea ya namna hii hushikamana na mahali. Mazingira yakibadilika, nguvu yake hupungua.

Halafu hili linaniuma sana: acheni kuwaambia watoto, "Usipokula nakupeleka kwa daktari akuchome sindano!" Mtoto huyo anafika mlangoni ameshafundishwa kuogopa, na aliyemfundisha ni mama yake.

Kama wako ameshaumizwa na sasa analia akiona tu koti jeupe, usimburute wala usimwite mwoga. Zungumza na daktari mapema, umwombe siku ya kwanza asimtibu, amwangalie tu na kumzoea. Itachukua muda, kwa sababu hofu aliyokwisha kujifunza haifutiki kwa siku moja. Mpe muda huo, mdogo wangu, na uwe naye pale pale kando ya kiti.