PAMPU YA KISIMA IKIPUNGUA NGUVU
Yafaa Kutafuta Sababu Kabla ya Kutoa Fedha

Pampu ya umeme iliyotumikia nyumba kwa miaka mingi mara nyingi haifi kwa siku moja, bali huchoka polepole. Mfereji wa jikoni uliokuwa ukitoa maji kwa nguvu huanza kuyatoa kwa unyonge. Mtu akiwa anaoga, na mwingine akafungua mfereji wa uani, yule wa kwanza huachwa na sabuni mwilini. Hapo husemwa upesi kwamba kisima kimekauka au pampu imekufa, na mwenye nyumba hukimbilia dukani kununua nyingine. Huenda pampu mpya nayo ikawa dhaifu vile vile, kwa kuwa ugonjwa haukuwa katika pampu.

Geji husema nini?
Kazi ya kwanza ni kufunga mifereji yote na kutazama geji iliyo karibu na tangi la presha. Pampu nyingi za nyumbani hutengenezwa ili ziwake presha ishukapo mpaka 20 au 30, na zizime ifikapo 40 au 50, kwa hesabu ya ratili kwa inchi ya mraba, ambayo geji huiandika psi. Ikiwa presha yapanda vizuri na pampu yajizima, lakini mfereji ungali dhaifu, basi pampu haina kosa. Kizuizi kiko mbele ya tangi: chujio lililojaa uchafu, koki isiyofunguliwa yote, au kutu iliyoziba mabomba ya chuma ya zamani. Ikiwa pampu yanguruma saa nzima bila kufikia kiasi cha kuzima, na hakuna bomba linalovuja, kosa latafutwa katika pampu yenyewe, umeme wake, au upande wa kisima.

Hewa ya tangi
Pampu ikiwaka na kuzima kila mara kwa maji machache tu, huenda hewa ya tangi imepungua. Umeme uzimwe, maji yote yatolewe, kisha hewa ipimwe kwa geji ya tairi. Yapasa iwe 2 chini ya kiasi cha kuwaka. Pampu inayowaka kwa 30 yahitaji hewa ya 28. Pampu ya baiskeli yatosha kuiongeza. Lakini maji yakitoka katika kilango cha hewa, mpira wa ndani umepasuka, na dawa yake ni kuubadilisha au kununua tangi jingine.

Upande wa kisima
Pampu iliyowekwa juu ya ardhi haivuti maji kama watu wadhanivyo. Huondoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji juu. Mombasa, penye usawa wa bahari, hewa yaweza kuinua maji kadiri ya mita 10 kwa hesabu, na kwa kazi halisi kama mita 7. Nairobi, iliyo juu kwa mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi zaidi. Kwa kazi halisi ni kama mita 5 na nusu tu. Kwa hiyo maji yakishuka mita moja wakati wa kiangazi, pampu nzima kabisa yaweza kushindwa. Kamba yenye uzito itaonyesha umbali kutoka pampu mpaka maji. Pampu inayozamishwa ndani ya maji haina mpaka huo, maana husukuma kutoka chini.

Mfereji ukitema maji na hewa, huenda kiungo cha bomba la kuvutia chapitisha hewa. Povu zito la sabuni lipakwe kwenye viungo pampu ikifanya kazi; palipo na tundu, povu litanyonywa ndani. Na pampu ikihitaji kujazwa maji kila asubuhi kabla ya kufanya kazi, vali ya chini ya bomba haishiki tena.

Hayo yote yakiwa mazuri, ndipo yafaa kumwita fundi wa umeme apime nguvu ya umeme pampu inapozunguka, na kuifungua pampu kutazama kama mchanga umelila gurudumu la ndani linalosukuma maji.

Hatari isiyosahauliwa
Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla ya kugusa kitu chochote. Na mtu asiingie kisimani kwa ajili ya vali. Ndani ya kisima huweza kuwa na hewa mbaya isiyo na harufu, nayo humwangusha mtu bila onyo. Anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Vali itolewe kwa kulivuta bomba lote juu. Injini ya petroli nayo isiteremshwe kisimani kamwe, maana moshi wake huua.

Ni vizuri mwenye nyumba aandike daftarini presha ya geji kila mwezi. Tarakimu zikianza kushuka, atajua mapema, wakati ambapo dawa ni kiungo kimoja tu au chujio. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.