Mbwa Mkubwa wa Ulinzi: Ahasiwe Lini?

Wasomaji wetu wenye ng'ombe hawahitaji kufundishwa maana ya kuhasi. Ajuaye kazi ya plau ajua pia kwamba ndama ahasiwaye mapema mno huwa maksai mrefu wa miguu na mwembamba wa shingo. Bali yule aliyeachwa akomae kidogo hupata shingo nene ifaayo nira. Jambo hilo hilo limo katika mbwa, wala si wengi waliolifikiri.

Siku hizi, mijini na hata mashamba, watu wafuga mbwa wa mbegu kubwa ili walinde boma: German Shepherd, Rottweiler, Boerboel na machotara wao. Huwanunua wangali wachanga, kwa fedha nyingi, na mara huambiwa kwamba mbwa ahasiwe akitimiza miezi 6. Kwa mbwa mdogo shauri hilo laweza kufaa. Kwa mbwa atakayefikia uzito wa kilo 35 au 40 yatupasa kulipima kwanza.

Mfupa mrefu wa mnyama mchanga haurefuki katikati, bali karibu na ncha zake, mahali palipo na tabaka la gegedu. Gegedu hilo huzidi kutoa mfupa mpya mpaka siku lenyewe linapogeuka kuwa mfupa, na hapo kimo kimekwisha. Liamrishalo gegedu lifunge ni homoni, yaani vichocheo vitokavyo katika kende za dume na kokwa za mayai za jike, vikasafiri katika damu. Ukiondoa viungo hivyo mapema, amri yachelewa kufika. Mifupa huendelea kurefuka kupita kiasi chake, na kwa kuwa haifungi yote wakati mmoja, huenda mfupa wa juu na wa chini isilingane vema pale inapokutana. Mbwa mwepesi aweza kuvumilia kasoro kama hiyo. Mbwa mzito kila hatua yake ni mzigo juu ya kiungo kibovu. Na mbwa mkubwa hukua muda mrefu: wengi mpaka mwaka na zaidi, wengine mpaka miezi 18.

Haya si dhana tupu. Mabingwa wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichungua hati za hospitali za German Shepherd zaidi ya 1,000, wakatangaza matokeo mwaka 2016. Katika kila madume 100 yasiyohasiwa, 7 hivi walipata ugonjwa wa viungo: nyonga, kiwiko, au kano ya goti iliyokatika. Katika madume yaliyohasiwa kabla ya kutimiza mwaka walikuwa 21. Kwa majike hesabu ilikuwa 5, nayo ikapanda hata 16. Mwenye kumtegemea mbwa huyo usiku na azitazame hesabu hizo vizuri, kwa maana mlinzi achechemeaye akiwa na miaka 3 ni hasara kwa bwana wake na mateso kwake mwenyewe. Kwa Rottweiler kuna la zaidi: uchunguzi uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba waliohasiwa kabla ya mwaka walikuwa katika hatari ya saratani ya mfupa, karibu mmoja katika kila wanne.

Hata hivyo ukubwa peke yake si kipimo. Mabingwa wale wa Davis walipotazama mbegu 35, mwaka 2020, hawakuona ongezeko hilo la ugonjwa wa viungo kwa Great Dane wala Irish Wolfhound, ambao ni warefu kuliko wote tuliowataja. Basi ulizia habari za mbegu ya mbwa wako hasa.

Kwa dume wa German Shepherd, sisi twaona heri kungoja mpaka apate miaka 2. Kwa Rottweiler na machotara wakubwa, angalau apite mwaka. Wengine huogopa kwamba mbwa akihasiwa hataweza kulinda tena. Sivyo. Hupungukiwa na hamu ya kuzurura akifuata majike, lakini kubweka na kulinda kwabaki. Wala asitazamie mtu kwamba kisu kitamtuliza mbwa mwoga aumaye kwa hofu. Huyo huenda akazidi. Lakini dume ambaye kende moja limebaki tumboni lazima apasuliwe akiisha kukua, maana kende hilo laweza kuota uvimbe wa saratani.

Shauri la jike ni gumu zaidi, kwani kungoja nako kuna gharama. Kila joto analopita huongeza hatari ya uvimbe wa matiti, na jike azeekaye na kizazi chake aweza kujaa usaha tumboni, ugonjwa uuao upesi. Kisha kuna watoto: mimba ni siku 63 hivi, na jibwa huzaa 8 au zaidi kwa mara moja. Nani atawalisha? Tena mbwa wazururao huambukizana kwa kupandana uvimbe wa sehemu za siri, ambao umeenea katika nchi za joto. Kwa hiyo mwenye ua imara na mlango ufungwao aweza kungoja mifupa ikomae. Asiye na ua, jike wake na atolewe kizazi mapema, hata kama ni wa mbegu kubwa. Asipasuliwe akiwa katika joto, maana mishipa ya kizazi imejaa damu. Ngoja miezi 2 au 3 baada yake.

Kazi hii ni ya mganga wa mifugo, mwenye dawa ya usingizi na vyombo safi. Wembe na kamba havina nafasi hapa. Usiku wa kuamkia kazi mbwa mzima asipewe chakula. Baadaye afungwe asikimbie wala kulamba kidonda. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Punguza chakula chake kidogo tangu hapo, kwa sababu hunenepa upesi. Na dume aliyehasiwa jana bado ana mbegu mwilini: atengwe na majike muda wa mwezi mzima.